Maktaba na Mkataba

Mwaka jana nilikuwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, nikikusanya data za utafiti wangu kuhusu maneno ya Kimaa yaliyoingia katika Kiswahili cha eneo hilo. Jina la mahali penyewe lilikuwa la kwanza katika orodha yangu, kwani kwa Kimaa olkaria ni ngeu, ule udongo mwekundu wanaojipaka wamorani. Nilikuwa nikitembea kando ya barabara inayofuata mabomba makubwa ya mvuke, pale mzee mmoja aliponisimamisha. Sikumfahamu, naye hakunifahamu. Nadhani alichokiona ni daftari na kalamu.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Nisomee hii."

Alinikabidhi barua iliyokunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilitoka katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nayo iliandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kile ambacho hata mwenye shahada hulazimika kukirudia mara mbili. Ilimtaka mzee afike ofisini na stakabadhi fulani katika muda wa siku 30, la sivyo jina lake lingeondolewa katika orodha. Nilitazama tarehe. Siku hizo 30 zilikuwa zimekwisha wiki tatu kabla.

Nilimuuliza iwapo hakuwa na mtu wa kumsomea. Alisema alikuwa naye: mjukuu wake wa Gredi ya Sita aliisoma barua hiyo siku ile ile ilipofika. Kijana mwenyewe alikuwa papo hapo, amesimama nyuma ya babu yake. Nikampa barua, akaisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini bila kukwama, na matamshi yake, kusema kweli, yalikuwa mazuri kuliko ya baadhi ya wanafunzi wangu. Nikamuuliza, "Inasema nini?" Akainama. "Inasema babu aende ofisini." "Lini?" Hakujibu.

Msomaji wangu, hasa wewe uliye mwalimu, usikimbilie kumlaumu mtoto huyo. Alifanya kile tulichomfundisha. Sisi wanaisimu hutofautisha kuyatamka maandishi na kuyaelewa, na kwa miaka mingi shule zetu zimekuwa zikipima lile la kwanza zikidhani zimepima la pili. Lakini kuna jambo jingine, nalo limo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kusoma, kwa kupitisha macho kwenye maandishi na pia kwa kuhudhuria shule. Kwa hiyo kijana aliyemaliza Kidato cha Nne husema, "Nimemaliza kusoma," na hakuna anayeshangaa. Mzee naye aliniambia nimesoma, kana kwamba ni tendo lililokwisha, kama kutahiriwa. Sisemi kwamba lugha ndiyo inayotuzuia kusoma. Nadharia ya namna hiyo nimeipinga darasani mara nyingi. Ninasema tu kwamba usemi huo unaeleza kwa usahihi mno jinsi tunavyoishi. Mtihani unapokwisha, kitabu nacho huwa kimekwisha.

Maadamu nimeanza na maneno, niruhusu nitaje mengine. Kitabu, katibu, maktaba, mkutubi, katiba na mkataba ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yana chimbuko katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, k, t na b, unaohusu kuandika. Maktaba na mkataba ni ndugu wa damu. Katika bonde hili letu la kati, ndugu hao wawili hawajawahi kukaa nyumba moja: mkataba umekuwa ukitangulia kufika, na maktaba huchelewa, au haifiki kabisa.

Mkataba wa kwanza mkubwa ulitiwa saini Naivasha kwenyewe, mwezi wa Agosti mwaka 1904. Upande mmoja alikuwapo Sir Donald Stewart, aliyekuwa Kamishna wa himaya ya Uingereza hapa kwetu. Upande wa pili Laiboni Lenana pamoja na viongozi wengine wa Wamaasai. Hati iliandikwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa kwa mdomo, na viongozi hao wakaweka alama zao. Kwa mkataba huo Wamaasai waliyaacha malisho ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Naivasha na Nakuru, wakagawanywa baina ya Laikipia na hifadhi ya kusini, huku wakiahidiwa kwamba mpango huo ungedumu kwa muda wote ambao kabila lao lingekuwapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulitiwa saini mkataba wa pili, wakatakiwa kuondoka Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilikataliwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ni mapatano kati ya dola na dola, kwa hiyo haikuwa kazi ya mahakama kuitekeleza. Wenye nchi walikuwa wameelezwa kwa mdomo kile ambacho baadaye kiliamuliwa kwa maandishi.

Hayo ni ya kale, atasema mtu. Basi tuje karibu. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kufanya kazi Olkaria mwaka 1981, ukizalisha megawati 15. Hivi leo mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wetu, na taa anayosomea mwanafunzi wa Kisumu au Thika huenda inawashwa na Olkaria. Mradi wa Olkaria IV ulipojengwa, kwa fedha zilizotoka kwa wafadhili kadhaa wakiwemo Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, familia za vijiji vinne vya Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa katika makao mapya ambayo wengi huyaita RAPland. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ya mpango wa kuwahamisha watu. Sijui kama kuna kijiji kingine nchini kilichopewa jina la waraka.

Baadhi ya wakazi walilalamika. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilifanya uchunguzi, na miongoni mwa kasoro lilizozitaja katika ripoti yake ya mwaka 2015 ni kwamba lugha ya Kimaa haikutumiwa ya kutosha katika kushauriana na watu, na kwamba mamlaka ya jadi ya wazee hayakushirikishwa ipasavyo. Yalifuata mazungumzo ya upatanishi, na mwaka 2016 mapatano yakafikiwa. Sitaki kuingia katika undani wa mgogoro huo. Una wanasheria wake. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: kilichofungua mlango wa upatanishi ni malalamiko yaliyoandikwa. Wapo watu katika vijiji vile walioketi, wakasoma nyaraka za kurasa nyingi, wakaona palipo na walakini, wakachukua kalamu. Kati ya mwaka 1904 na 2014 tofauti kubwa haikuwa wema wa wenye nguvu. Safari hii walikuwapo wasomaji upande wa pili wa meza.

Ndiyo sababu ninashindwa kuvumilia tunapozungumza juu ya maktaba kana kwamba ni mahali pa kupumzikia. Na hatuzungumzi tu. Tumeliandika jambo hilo katika sheria kuu ya nchi. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, sehemu inayotaja majukumu ya kaunti, kipengele cha nne. Utakuta orodha inayoanza na kamari na kasino, ikaendelea na mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, na maonyesho na ukodishaji wa video. Kisha zikaja maktaba, halafu makavazi, michezo, na bustani na fuo za kaunti. Maktaba zimewekwa kati ya kanda za video na makavazi! Kanda zenyewe hazikodishwi tena na mtu yeyote, ila maktaba zingali katika safu ile ile. Walioandika Katiba hawakuwa na nia mbaya, bila shaka. Walihitaji mahali pa kuziweka, wakaziweka pamoja na burudani. Lakini afisa wa fedha wa kaunti anapotayarisha bajeti hufuata orodha, na katika orodha ya burudani, leseni za pombe huingiza fedha, maktaba huzitoa. Unadhani jicho lake litaelekea wapi?

Sipingi ugatuzi. Shirika la Huduma za Maktaba la Kitaifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilifanya kazi ya kusifiwa kwa fedha kidogo. Ni shirika hilo lililoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996, kwa kufahamu kwamba mfugaji hawezi kuyaacha malisho kwenda kutafuta kitabu mjini. Nakuru ina maktaba, Naivasha ina maktaba, na kila ninapoingia humo nakuta wanafunzi wamejaa. Hata hivyo, tazama wanachokifanya. Wengi wao wameleta vitabu vyao wenyewe kutoka nyumbani. Wamekuja kutafuta meza, kiti, mwangaza na kimya. Haja hiyo ni ya kweli, na siidharau, kwani wengine hutoka katika nyumba za chumba kimoja chenye watu sita. Lakini ukumbi wa meza na viti haujawa maktaba.

Kuhusu vitabu vyenyewe, muongo uliopita ulikuwa na vituko vyake. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mpya ya VAT, na vitabu vikaanza kutozwa asilimia 16. Mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake. Lengo ni zuri. Mimi nilisoma darasani tukiwa watoto wanne kwa kitabu kimoja, aliye mwisho wa dawati akisoma kwa upande. Hata hivyo, wauzaji wa vitabu katika miji midogo walikuwa wakiishi kwa biashara ya shule, na faida waliyoipata katika vitabu vya kiada ndiyo iliyowawezesha kuweka rafuni riwaya tatu nne ambazo hazikuwa na mnunuzi wa hakika. Biashara hiyo ilipoondoka, riwaya nazo ziliondoka. Siku hizi katika miji mingi ya bonde hili ukiingia katika duka lenye jina la vitabu utauziwa sare, daftari, kalamu na miongozo.

Miongozo! Hapa walimu wenzangu mtanisamehe. Mwanafunzi anasoma mwongozo wa Chozi la Heri au wa Nguu za Jadi kabla ya kuigusa riwaya yenyewe, na mara nyingi badala yake. Anakariri maudhui, dhamira, wahusika na mbinu za uandishi kama anavyokariri majedwali ya hesabu. Anapata A. Kisha anafika kwetu chuo kikuu, nami katika wiki ya kwanza humuuliza ni kitabu gani cha Kiswahili alichowahi kukisoma bila kulazimishwa. Wengi hunyamaza. Mmoja aliniuliza kwa unyofu kabisa, "Bila mtihani, Daktari?" Silaumu wanafunzi hao, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 simlaumu sana. Mtaala wa umilisi umetenga nafasi ya kile kinachoitwa kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi hujichagulia matini. Ni wazo jema sana. Lakini atachagua kutoka wapi?

Katika shule moja ya eneo hilo hilo, ambayo jina lake litabaki kwangu, nilionyeshwa kabati la vitabu vya hadithi. Vilikuwa vipya, jalada zake zikimetameta kupitia kioo, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Niliambiwa ufunguo umo mikononi mwa mtu ambaye hakuwapo siku hiyo. Mwalimu aliyenipokea alinieleza bila kuficha: kitabu kikipotea au kikichanika, wakaguzi watauliza, kikibaki kabatini, hakuna atakayeuliza. Ninamwelewa. Tumeunda utaratibu ambao ndani yake kitabu kisichosomwa ndicho kitabu kilichotunzwa vyema.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya mtu wa karne iliyopita, na kwamba kijana wa leo ana maktaba nzima ndani ya simu. Hoja hii ina ukweli wake. Vijana wanasoma mchana kutwa, pengine wanasoma maneno mengi kuliko tulivyosoma sisi. Lakini simu hukuletea kile ulichojua kukiuliza. Mjukuu wa yule mzee hakujua kwamba katika barua ile kulikuwa na tarehe ya kuogopwa, kwa hiyo hakuna swali ambalo angeiuliza simu. Uwezo wa kukaa na maandishi marefu, kuyashuku, kurudi nyuma na kuuliza kwa nini aya hii imewekwa mwishoni kwa herufi ndogo, haupatikani kwa kusoma vipande vipande. Hupatikana kwa kusoma vitabu, tena vingi, tena vya kupendeza, tangu utotoni. Mtoto aliyezoea kubashiri nani mwizi katika hadithi atakuja kubashiri nani mwizi katika mkataba.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo kwa kazi yangu siwezi kulipita. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya Saba, inafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Kimaa si lugha changa katika maandishi. Sarufi yake kubwa, ya Tucker na Tompo ole Mpaayei, ilichapishwa mwaka 1955, na kamusi zake zipo. Othografia yake ina matatizo, hasa ya toni, ambazo haziandikwi ingawa hutofautisha maana. Ila matatizo hayo hayajamzuia mtu kusoma Biblia kwa Kimaa. Iweje basi neno la Mungu liweze kufasiriwa kwa lugha ya mzee yule, na barua kuhusu jina lake ishindwe? Hata Kiswahili kingemfaa. Barua ile haikuwa na neno moja la Kiswahili isipokuwa jina la sanduku la posta.

Mtu atakumbuka hapa habari za Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Magazeti ya dunia nzima yalimpiga picha akiwa amevaa kaptura ya sare, na wengi walicheka kwa huruma. Walisahau sababu alizozitoa mwenyewe. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri haisomi sawasawa. Alitaka pia ajue hesabu za fedha ambazo angelipwa iwapo wapiganaji wa Mau Mau wangefidiwa. Maruge hakwenda shule kutafuta cheti. Alikwenda ili asidanganywe.

Maktaba ninayoitaka Olkaria, na Gilgil, na Elburgon, na Subukia, ni ya mtu kama huyo pamoja na mjukuu wake. Chumba kimoja kinatosha kuanzia. Kiwe na hadithi za watoto zisizofungiwa. Kando yake ziwekwe nyaraka zinazowahusu watu wa mahali hapo: ripoti za athari za miradi kwa mazingira, bajeti ya kaunti, sheria za ardhi, mapatano yaliyotiwa saini kwa niaba yao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Haki ya kupata habari imo katika Ibara ya 35, na tangu mwaka 2016 ina sheria yake. Lakini haki hiyo haina anwani katika vijiji vyetu. Zaidi ya yote, awepo mkutubi anayelipwa, ambaye kazi yake ni pamoja na kumketisha mtu aliyeleta barua na kumweleza imesema nini. Kaunti inayoweza kumlipa mtu wa kukagua leseni za baa inaweza kumlipa huyo.

Tarehe ya barua ya yule mzee ilikuwa imepita, lakini tuliketi chini ya mgunga tukaandika jibu, tukiomba muda na kutaja nia ya kukata rufaa. Niliandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa ni lugha rasmi na kwa kuwa nilitaka mwenye barua aielewe. Nilimsomea mara mbili. Alipopewa kalamu hakuipokea. Alisema mjukuu aisome kwanza. Kijana akaanza, akafika aya ya pili, kisha akasimama. "Mwalimu," akauliza, "rufaa ni nini?" Nikamweleza, akasoma tena tangu mwanzo, safari hii polepole, na ndipo babu yake akatia saini.

Barua ilipelekwa Naivasha siku iliyofuata. Hadi ninapoandika makala haya, jibu halijafika.